Golda hakuwa wa kwanza, na mengine mliyoniuliza mwezi huu

Haya karibuni tena barazani. Mwezi huu sijapata swali la ngeli, sijapata hata lile la kila mwezi la "dhamana" na "thamani", mwezi huu ni Golda Meir tu, Golda asubuhi Golda jioni, na yote yameanza na binti mmoja wa chuo aliyeandika wasifu wa huyo mama akaurusha mtandaoni, ukaingia kwenye magrupu ya WhatsApp toka Kisauni mpaka Likoni na kila aliyeusoma akawa na lake la kusema. Nimetoa barua nne. Ya kwanza ni ya mwenye wasifu mwenyewe.

Shikamoo Bi Mhariri. Niko atachimenti, tumepewa kazi ya kuandika wasifu mfupi wa wanawake waliowahi kutawala nchi, kwa Kiswahili, na mimi nikaangukiwa na Golda Meir wa Israeli. Nikaandika nikaposti. Sasa wengine wananiambia nimemsifu kupita kiasi, wengine ati nimemchafua, na bosi kaniambia nirekebishe kabla ya Ijumaa lakini hasemi nirekebishe nini. Mwanzo wake uko hivi: "Golda Meir alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kuwa waziri mkuu. Alizaliwa Ukraine mwaka 1898 katika familia maskini ya Meir, akahamia Israeli mwaka 1921 na mumewe. Alikuwa shujaa wa taifa lake ingawa ni bibi mkaidi wa kuvuta sigara, na aliongoza mpaka alipofariki mwaka 1978." Nimekosea wapi? – Binti wa Tudor

Marahaba mwanangu. Kwanza nikupe pole, pili nikupe habari njema: miaka yote mitatu uliyoandika iko sawa. Alizaliwa 1898 kweli, akahama 1921 kweli, akafa Disemba 1978 kweli. Shida ni maneno uliyoyazungushia hiyo miaka, hapo ndipo mambo yameharibika, na ndo maana bosi wako anahisi kuna kitu lakini hawezi kukionyesha kwa kidole, kwa sababu mtu akikagua wasifu huwa anakagua tarehe.

Tuanze na "wa kwanza duniani". Sirimavo Bandaranaike alishika uwaziri mkuu Julai 1960 kule Ceylon, ambayo leo ndiyo Sri Lanka. Indira Gandhi akafuata India, Januari 1966. Golda aliingia Machi 1969, baada ya Levi Eshkol kufariki ghafla Februari akiwa madarakani. Kwa hiyo hao wawili walishamtangulia. Lakini hili kosa utaliona kila mahali na mimi najua linakotoka, mtu husoma "mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Israeli", akakopi, akapesti, "wa Israeli" ikadondoka njiani na "duniani" ikaingia yenyewe kwa sababu inanoga. Rudisha "wa Israeli" umemaliza, tena ukitaka kunogesha kihalali sema hadi leo hawajapata mwanamke mwingine kwenye kiti hicho.

"Alizaliwa Ukraine." Hapa nitakaa kidogo maana hapa nami niliwahi kuumbuka. Babu yangu alipofariki mimi ndiye niliyeandika tanzia, nikaweka "alizaliwa Mombasa, Kenya, mwaka 1917", nikajiona nimeandika. Baada ya hitima mzee mmoja akaniita kando, kikombe cha kahawa mkononi, akaniuliza polepole, "Mwanangu, Kenya gani hiyo ya 1917?" Sikuwa na jibu. Maana nchi haikuitwa Kenya rasmi mpaka 1920, kabla ya hapo Mwingereza alikuwa akiiita Himaya ya Afrika Mashariki, na hata hiyo 1920 bara ndiyo iliyokuwa koloni, sisi mwambao maili kumi tulikuwa bado ardhi ya Sultani wa Zanzibar kwa karatasi, Mwingereza kapangishiwa, na bendera nyekundu ya Sultani ikipepea Fort Jesus mpaka 1963. Basi babu hakuzaliwa Kenya, alizaliwa Mombasa. Mji ulikuwa pale pale, wenyewe ndio waliokuwa wakibadilika.

Golda ni vilevile. Alizaliwa mjini Kyiv, tarehe 3 Mei 1898, Kyiv ikiwa chini ya Dola ya Urusi. Ukiandika "Ukraine" peke yake unampa msomaji nchi ambayo haikuwa na mamlaka yake wakati huo, ukiandika "Urusi" peke yake msomaji wa leo atafungua ramani atafute Kyiv ndani ya Urusi, na kwa hali ilivyo sasa huko utakuwa umeanzisha vita vingine kwenye komenti. Andika mji, kisha bwana wa wakati ule, kisha jina la leo. Mabano hayahitajiki, koma mbili zinatosha.

"Familia ya Meir" hapana kabisa. Babake ni Moshe Mabovitch, seremala. Alitangulia Marekani 1903 kutafuta riziki, mkewe na mabinti wakarudi kukaa Pinsk, ambayo leo iko Belarus, halafu 1906 wakamfuata Milwaukee, jimbo la Wisconsin, na huko ndiko Golda alikosomea na kukua. 1917 akaolewa na Morris Meyerson akawa Golda Meyerson. Hiyo "Meir" imekuja 1956 alipofanywa waziri wa mambo ya nje, Ben-Gurion, waziri mkuu wa wakati huo, alikuwa anataka watu wake wa juu wawe na majina ya Kiebrania, Golda akaikata Meyerson ikawa Meir. Yaani alikuwa na miaka hamsini na kitu alipoanza kuitwa hilo jina ambalo wewe umempa toka mchangani. Sisi huku tunalisahau hili kwa urahisi kwa sababu kwetu mwanamke akiolewa jina la babake haliachi, anaingia nalo anatoka nalo, lakini wenzetu jina la mtu lina historia yake na lazima ulifuate mwaka kwa mwaka. Si jambo dogo ati. Azimio la kuunda Israeli la tarehe 14 Mei 1948 lilitiwa saini na watu 37, wanawake wawili tu ndani yake, Golda na Rachel Cohen-Kagan, na mtoto wa shule akichukua wasifu wako akaenda kutafuta "Meir" kwenye zile saini hataliona, atafikiri umemdanganya. Atakuta Meyerson.

"Akahamia Israeli 1921." Israeli gani ya 1921? (Namsikia yule mzee na kikombe chake.) Alihamia Palestina, iliyokuwa mikononi mwa Waingereza toka walipowatoa Waturuki kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, akaingia kibbutz ya Merhavia, yaani shamba la ushirika ambapo mali ni ya wote. Nimeona kwenye komenti kuna jamaa anasema ukiandika "Palestina" hapo umeegemea upande. Hujaegemea popote, hilo ndilo jina lililokuwa kwenye karatasi za serikali. Nenda katazame picha za sarafu zao za toka 1927, zimeandikwa Palestine kwa lugha tatu, Kiingereza, Kiarabu na Kiebrania, na kwenye ile ya Kiebrania pembeni wameongeza vijiherufi viwili ambavyo ni ufupisho wa "Ardhi ya Israeli". Yaani ugomvi wa jina ulikuwa tayari uko mfukoni mwa kila mtu, kwenye chenji ya mkate. Wewe andika jina la wakati ule, na kuanzia Mei 1948 sema Israeli.

Sasa "shujaa" na "bibi mkaidi wa sigara". Hizi ndizo zilizokuletea zile kambi mbili. Mmoja ameona shujaa akakasirika, mwingine ameona mkaidi akakasirika, na wote wawili hawajajifunza lolote kuhusu Golda. Futa zote mbili. Si kwamba ni uwongo moja kwa moja, sigara alivuta na alivuta sana, lakini mbona hatujasikia sigara za mawaziri wanaume kwenye sentensi ya tatu ya wasifu wao? Mahali pa "shujaa" weka alichofanya: Januari 1948 alikwenda Marekani kuchangisha, akarudi na kama dola milioni 50, na fedha hizo zikanunua silaha. Msomaji mmoja ataona ushujaa, mwingine ataona bunduki zilizomlenga nduguye, na wote wawili watakuwa wamesoma jambo lililotokea kweli.

Kisha kuna kile kisa ulichokiweka chini kidogo, kwamba Mei 1948 siku chache kabla ya vita vya Waarabu na Israeli alikwenda Amman kwa siri kuonana na Mfalme Abdullah wa Transjordan, ambayo leo ndiyo Jordan, "akiwa amejifunga buibui". Kisa ni cha kweli, alivaa kama mwanamke wa Kiarabu na aliyefuatana naye akajifanya mumewe, na mazungumzo hayakuzuia vita. Ila hilo buibui mwanangu ni la Mji wa Kale. Nimelipenda, wallahi nimecheka peke yangu ofisini, lakini litoe, msomaji wa hapa ataona buibui la mamake akilini na hilo silo alilovaa Golda. Sema "nguo za mwanamke wa Kiarabu" basi.

La mwisho, hakuongoza mpaka kufa. Tarehe 6 Oktoba 1973 Misri na Syria zilishambulia, Israeli ikakutwa haijajiandaa, askari wake zaidi ya 2,500 wakafa. Chama chake bado kikashinda uchaguzi Disemba, tume ya uchunguzi ya Agranat ikatoa ripoti ya awali mwanzo wa Aprili 1974 ikawabebesha lawama wakubwa wa jeshi, yeye haikumgusa, lakini barabarani watu walikuwa hawataki kusikia, akajiuzulu Aprili hiyo hiyo na akamkabidhi Yitzhak Rabin Juni. Ndo maana utaona wengine wanaandika Aprili na wengine Juni na wote wako sawa, moja ni ya kutangaza na moja ni ya kuondoka. Alikufa miaka minne baadaye kwa saratani ya limfu aliyokuwa ameificha miaka mingi.

Mimi ningeanza hivi, ukitaka chukua: "Golda Meir alikuwa waziri mkuu wa Israeli kuanzia Machi 1969 hadi Juni 1974, na ndiye mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho nchini humo. Alizaliwa Golda Mabovitch mjini Kyiv mwaka 1898, wakati huo chini ya Dola ya Urusi, leo mji mkuu wa Ukraine, akakulia Milwaukee, Marekani, na mwaka 1921 yeye na mumewe wakahamia Palestina iliyotawaliwa na Waingereza." Haina utamu, najua. Utamu uko mbele, kwenye Amman na kwenye 1973, usiumalize mlangoni.

Asalaam aleikum. Sisi hapa Kibokoni tuna mzee barazani anashikilia kwamba Golda ndiye aliyetuma makomando Entebbe enzi za Idi Amin, na kwamba ndege zikapita Nairobi, na ati wasifu wa yule binti umeliacha hilo makusudi. Tumebishana mpaka kahawa ikapoa. – Vijana wa Kibokoni

Waaleikum salaam. Nairobi mzee kapatia. Ndege ya Air France ilitekwa tarehe 27 Juni 1976 ikapelekwa Entebbe, uokoaji wa mateka ukawa usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, na ndege za Israeli zilitua Nairobi kujaza mafuta zikirudi. Lakini waziri mkuu wakati huo ni Rabin, Golda alikuwa ameshaondoka miaka miwili. Mwambieni mzee taratibu, tena baada ya kumnunulia kahawa nyingine.

Ila kama mnatafuta pale Golda alipogusana na sisi, mbona papo. Akiwa waziri wa mambo ya nje 1956 mpaka 1966 ndiye aliyeshikilia habari ya urafiki na Afrika, 1958 alikuja mpaka Liberia na Ghana, wataalamu wa kilimo na wa afya wakawa wanatumwa, na vijana wa Kiafrika wanakwenda kusomea Israeli. Halafu vita vya 1973 vikavunja karibu yote, nchi moja baada ya nyingine zikakata uhusiano, Kenya nayo ikakata Novemba 1973 na haikurudisha mpaka 1988. Hilo binti kweli kaliacha, na kwa msomaji wa Kiswahili mimi ningelipa aya nzima kabla ya sigara.

Bi Mhariri mimi sina salamu ndefu. Huyu mama alisema Wapalestina hawapo. Sasa nyinyi mnakaa kutafuta jina la babake na alizaliwa wapi, huko si kumsafisha? Kwani hakuna wanawake wengine wa kuandikwa? – Msomaji, Majengo

Wengine wapo na wataandikwa, hii ni zamu yake tu. Na hasira yako kakangu naielewa, si wewe peke yako. Lakini hebu tazama, umeniletea sentensi moja nzito kuliko zote katika maisha yake na umeniletea haina tarehe, haina mahali, haina aliyeandika, kwa hiyo anayempenda Golda atakuambia "uzushi" na utabaki unapiga kelele. Hebu tuivishe nguo zake.

Ilikuwa gazeti la Sunday Times la London, tarehe 15 Juni 1969, miezi mitatu tu baada ya kuwa waziri mkuu, kwenye mahojiano. Akasema hapakuwa na kitu kinachoitwa Wapalestina, akauliza ni lini kulikuwa na taifa huru la Wapalestina lenye dola yake, akasema si kwamba kulikuwa na watu wanaojiona Wapalestina kisha yeye na wenzake wakaja wakawatupa nje na kuwanyang'anya nchi, akamaliza kwamba hawakuwepo. Januari 1976 akaandika mwenyewe kwenye New York Times kwamba amenukuliwa vibaya, ati alichosema ni kwamba hakuna taifa la Wapalestina, kuna wakimbizi wa Kipalestina. Sasa weka hayo mawili pamoja, moja chini ya jingine, na mwaka wake kila moja. Je, amesafishwa? Mimi nikiyasoma yote mawili naona ufafanuzi wake umebakia na uzito karibu ule ule, lakini hayo ni maoni yangu ya ukurasa huu, kwenye wasifu hayaingii, msomaji ana macho.

Na pembeni yake weka jambo la tatu, kwamba 1948 Wapalestina zaidi ya 700,000 walitoka makwao, ndiyo wao huita Nakba, na kwamba wengi hawakuruhusiwa kurudi. Hapo pia chunga kitenzi. Ukiandika "waliondoka" utadhani walikwenda arusini, ukiandika "walifukuzwa" kwa wote umesahau waliokimbia risasi kabla ya kufikiwa. Wako waliofukuzwa, wako waliokimbia. Andika vyote viwili, ni maneno mawili tu, hayatajaza ukurasa.

Na jina la babake tunalitafuta kwa sababu msomaji akikukamata umekosea jina la babake, hiyo ya 1969 hatakuamini hata ukimwonyesha gazeti lenyewe.

Bi Mhariri, nimetumiwa picha ya Golda imeandikwa kwamba amani itakuja Waarabu watakapowapenda watoto wao kuliko wanavyotuchukia sisi. Nimeiona kwenye magrupu matatu, mawili wanamshangilia na moja wanamtukana. Alisema kweli? Na yule binti aiweke? – Mama wa Bamburi

Asiiweke. Wanaoichapisha huipa tarehe tofauti tofauti, wengine hawaipi kabisa, na chanzo chake kinabishaniwa mpaka leo. Ukitaka maneno yake yenye makao, ameacha kitabu cha maisha yake alichotoa 1975, na mahojiano tele ya magazetini yenye tarehe juu. Picha ya simu haina mwenyewe dadangu. Hata mimi kuna methali moja imezunguka Disemba iliyopita na jina langu chini yake, na hata sijui maana yake.

Na Binti wa Tudor, nimesahau kukuambia kuhusu ile picha uliyoweka juu. Ile ni ya uzeeni, mvi na pochi mkononi, na chini umeandika "Golda alipowasili Palestina". Alikuwa na miaka ishirini na tatu. Tafuta nyingine au ubadilishe maneno ya chini, na ukishapeleka kwa bosi hiyo Ijumaa nitumie nakala nami niisome.